Aliyesema Kinga Yake Haitoshi

Mwezi Mei 1998, John Norstad aliwatangazia watumiaji wa Macintosh kwamba programu yake ya kuwakinga na virusi imefika mwisho, na kwamba watafute nyingine. Programu yenyewe, Disinfectant, haikuwa imeharibika. Ilikuwa ya bure tangu siku ya kwanza, na kwa miaka tisa ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo ambavyo mtu mwangalifu aliviweka kwenye Mac yake. Kazi iliyotengenezewa bado iliifanya vizuri. Aliistaafisha kwa sababu moja kubwa: hatari ilikuwa imehamia mahali ambapo programu hiyo haikufika, huku watu wengi wakiendelea kuamini kwamba inawalinda.

Uamuzi huo umenikaa moyoni kwa muda mrefu. Waanzilishi tunawasifu sana, na waliodumu tunawasifu pia. Anayesimama mbele ya watu wanaomwamini na kuwaambia kwamba alichowapa hakitoshi tena, huyo hatuna mazoea ya kumsifu, labda kwa sababu hatumwoni mara nyingi. Imani ya watu ni kitu kitamu. Ukishakuwa nayo, na haikugharimu chochote kuendelea kuwa nayo, kuirudisha kwa hiari yako ni jambo zito.

Norstad hakuwa mfanyabiashara wa kinga. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa na Northwestern University huko Evanston, kaskazini mwa Chicago. Alitoa toleo la kwanza la Disinfectant mwaka 1989, wakati ambapo maabara za kompyuta za vyuo vikuu zilikuwa mahali pa hatari kuliko ofisi nyingi. Wanafunzi waliingia na diski zao mifukoni, wakaketi kwenye mashine ambayo mwenzao ametoka kuitumia muda mfupi uliopita, wakaandika insha zao, wakaondoka. Diski hiyo jioni ilikuwa bwenini, kesho nyumbani kwa rafiki. Intaneti ilikuwa bado ya wachache. Kirusi kilisafiri kwa miguu ya watu, mkono kwa mkono, pamoja na michezo, herufi za mapambo na kazi za shule.

Kilichokuwa kikienea zaidi wakati huo ni nVIR, kilichoonekana Ulaya mwaka 1987. Msimbo wake ulisambazwa hadharani, na baada ya hapo kila aliyetaka kutengeneza nduguye alipata pa kuanzia. Ndiyo maana nVIR kilizaa ukoo mzima wa virusi vingi vikitofautiana kwa majina tu. Aliyeuweka msimbo huo wazi huenda alidhani anasaidia watu kujifunza. Norstad alilijua jambo hilo, na msimamo wake ulikuwa wa busara sana: sehemu kubwa ya msimbo wa Disinfectant, ile inayohusu madirisha na vitufe na namna programu inavyozungumza na mtumiaji, aliwapa watengeneza programu waitumie watakavyo. Sehemu inayotambua virusi na kurekebisha mafaili aliishikilia. Kwa mtu aliyekuwa akigawa kazi yake yote bure, kubania kipande hicho hakukuwa uchoyo. Aliwafikiria watu ambao hajawahi kuwaona, ambao wangeumizwa na mtu mwingine ambaye pia hajawahi kumwona.

Nataka nikae kidogo kwenye kazi yenyewe, maana maadili ya mtu wa aina hii huonekana katika namna alivyoipanga.

Diski ya inchi 3.5 ina kijitundu pembeni chenye kizibo kidogo cha plastiki. Ukikisukuma kizibo hadi mwanga upite kwenye tundu, diski imefungwa: mashine itasoma kilichomo, lakini haitaandika kitu. Kirusi hakina ujanja hapo, kwa kuwa anayekataa kuandika ni kifaa chenyewe ndani ya mashine. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa huu: uwe na diski moja safi yenye mfumo wa kuwashia na Disinfectant, uifunge, uwashe mashine kwa diski hiyo, kisha ndipo uikague mashine nzima. Ukimaliza, unaleta lile boksi la diski zako zote. Programu ilikuwa na njia ya kuzikagua mfululizo. Unachomeka moja, inaipitia faili baada ya faili, inaitema yenyewe, inangoja inayofuata. Mtu mmoja aliweza kukaa mchana kutwa akisafisha diski za idara nzima bila kugusa kitu kingine chochote isipokuwa diski zenyewe.

Ndani ya programu kulikuwa na kitabu cha maelezo, kirefu, kilichoandikwa kwa lugha ambayo karani angeielewa. Kila kirusi kilielezwa kinafanya nini, na vilevile hakifanyi nini. Norstad aliwaambia wasomaji wake wazi kwamba vingi kati ya virusi vya Mac havikutengenezwa kwa nia ya kufuta kazi za watu, ingawa viliharibu kwa sababu viliandikwa vibaya. Aliwaambia pia kwamba tatizo linapotokea kwenye mashine, mara nyingi chanzo chake ni kitu kingine kabisa, wala wasikimbilie kulaumu virusi. Hebu fikiria mwenye duka la dawa akikuambia kwamba huenda huumwi. Mwaka 1992, kirusi kiitwacho Michelangelo kilipotarajiwa kuamka tarehe 6 Machi kwenye kompyuta za DOS, zile za aina ya IBM, John McAfee, mwenye kampuni ya kinga, alinukuliwa akitaja idadi ya hadi mashine milioni 5. Siku ilipofika, zilizoripotiwa kuathirika zilihesabika kwa maelfu. Simtuhumu mtu kwa uongo, makadirio hukosewa. Ila hofu ile iliuza programu nyingi sana, na mtu ambaye kipato chake hakitokani na hofu ya wengine ana nafasi ya kuona sawasawa ambayo wenzake hawana. Norstad aliitumia nafasi hiyo kwa manufaa ya watu.

Mwezi Desemba 1989 kiligunduliwa Ubelgiji kirusi kipya, WDEF, na hiki kilikuwa cha aina ya kutia uchungu. Virusi vya awali vilihitaji ufungue programu iliyoambukizwa. WDEF kilijificha kwenye faili lisiloonekana ambalo kila diski ya Mac ilikuwa nalo, faili ambamo mashine ilitunza kumbukumbu za picha na mpangilio wa dirisha. Ilitosha kuchomeka diski. Hujafungua kitu, hujabonyeza kitu, na tayari kimehama. Mwalimu aliyepokea diski za wanafunzi ili asahihishe kazi zao alikuwa ameshayabeba maambukizi kabla hajasoma sentensi ya kwanza. Toleo la mfumo lililokuja baadaye, System 7, halikukipa WDEF nafasi ya kuenea. Lakini kabla ya hapo, watu wengi walijifunza kwamba tendo la kawaida kabisa la kumpokea mwenzako, kupokea diski yake na kuiweka kwenye mashine yako, linaweza kugeuzwa mlango wa madhara.

Hapo ndipo naona kosa halisi la waandishi wa virusi wa zama zile, hata wale waliodhani hawakumdhuru mtu. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya WDEF, tarehe 2 Machi 1988, watu waliwasha Mac zao wakakuta ujumbe wa amani kwa watumiaji wote wa Macintosh duniani. Uliwekwa na Richard Brandow, mchapishaji wa jarida la MacMag la Montreal, Kanada, kupitia kirusi kilichojisambaza kimyakimya na ambacho baada ya kuonyesha ujumbe kilijifuta chenyewe. Kabla ya siku hiyo kilikuwa kimefika hadi kwenye diski za programu ya FreeHand zilizouzwa na kampuni ya Aldus ya Seattle. Waliokitetea walisema maneno yalikuwa mazuri. Ni kweli, yalikuwa mazuri. Kwetu mtu anayeleta habari njema husimama nje, akapiga hodi, akangoja karibu, na asipoitikiwa mara ya tatu huondoka na habari zake. Hodi haipimwi kwa ubora wa ujumbe. Mwenye nyumba ana haki ya kuamua, na anayeingia bila kuiheshimu haki hiyo amemnyang'anya mwenyeji kitu hata kama ameacha zawadi mezani.

Desemba hiyohiyo ya 1989 ilileta jambo baya zaidi, upande wa kompyuta za DOS, nalo linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Maelfu ya diski zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa watu wa nchi nyingi, wakiwemo waliokuwa wamehudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI. Lebo ilisema ni maelezo kuhusu ugonjwa huo. Ndani kweli kulikuwa na maswali ya kumsaidia mtu kupima hatari yake. Lakini baada ya mashine kuwashwa takriban mara 90, majina ya mafaili yalivurugwa, na likatokea dai la malipo: dola 189, zitumwe kwenye sanduku la posta huko Panama. Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, mwanabiolojia mwenye shahada ya Harvard, aliyewahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya. Alikamatwa Marekani, akapelekwa Uingereza, na huko hakuhukumiwa; jaji aliona kwamba hali yake ya akili haimruhusu kusimama kizimbani.

Sina hamu ya kumhukumu mtu ambaye mahakama ile haikumhukumu. Linaloniumiza ni lebo. Mwaka 1989 ugonjwa huo ulikuwa unazika watu Kagera, Rakai, Kinshasa, na daktari au mtafiti aliyepokea diski yenye maelezo juu yake aliichomeka upesi kwa sababu alikuwa na kiu ya kujua. Bidii yake ya kazi ndiyo iliyotegwa. Mtu mzembe, asiyejali ugonjwa wala wagonjwa, angeitupa diski hiyo kwenye droo na kompyuta yake ingekuwa salama. Wale waliojali ndio walioumia, na wapo waliopaniki wakafuta kila kitu kwenye mashine zao wenyewe, pamoja na kazi ya miaka, ilhali mafaili bado yalikuwa yanaokoleka.

Yalikuwa yanaokoleka kwa sababu Mwingereza mmoja, Jim Bates, aliipasua programu ile hatua kwa hatua, akagundua jinsi majina yalivyobadilishwa, akaandika programu mbili. Moja, AIDSOUT, iliing'oa. Nyingine, CLEARAID, ilirudisha majina ya mafaili. Alizitoa bure. Sijui kama kuna njia bora ya kumjibu mtu anayekudai dola 189 ili akurudishie mali yako.

Nirudi kwa Norstad, maana kuna kisa kimoja ambacho kwangu kinabeba mengi. Mwaka 1992 kilitokea kirusi cha Mac kiitwacho T4, kilichofichwa ndani ya mchezo wa GoMoku. Aliyekitengeneza alifanya mambo mawili ya hila. Kwanza, kirusi kilijiita Disinfectant. Kulikuwa na programu za ulinzi zilizomwonya mtumiaji kila kitu kilipojaribu kubadilisha faili, na T4 kilitaka onyo hilo liseme kwamba anayebadilisha ni Disinfectant, ili mtumiaji aone jina analoliamini na kuruhusu. Pili, mchezo ule ulisambazwa kwa jina la mtu halisi ambaye hakuhusika kabisa. Jina lake lilikuwemo kwenye tangazo la mchezo na ndani ya mchezo wenyewe.

Norstad aliandika kuhusu hila zote mbili kwenye kitabu chake cha maelezo. Aliwaambia watu jinsi ya kutambua: ukiona onyo kwamba Disinfectant inajaribu kubadilisha kitu na wewe hujaifungua, basi yaelekea T4 kimekuvamia. Kuhusu yule mtu, aliwaomba wasomaji wasilitumie jina lake wanapozungumzia kirusi hicho, na yeye mwenyewe hakuliandika. Halikuwa jambo dogo. Kirusi kilihitaji jina, na watu hupenda kisa chenye mtu wa kumnyooshea kidole. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba fulani anasingiziwa, na kwa kufanya hivyo kulibandika jina la fulani kwenye uovu huo milele. Yeye alichagua jina lipotee. Jina la programu yake mwenyewe lilikuwa limechafuliwa katika kisa kilekile, lakini nafasi aliyokuwa nayo ya kuomba hisani aliitumia kwa ajili ya mwingine.

Kinyume chake ni wale ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, ambao mwaka 1986 waliandika Brain, kirusi kinachotajwa kuwa cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za aina ya IBM. Ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba za simu. Kosa lilikuwa lao, na walilitia sahihi yao wenyewe.

Kitu kingine cha miaka ile ambacho nakitamani kirudi ni namna washindani walivyoshirikiana. Kirusi kipya cha Mac kilipogunduliwa, sampuli iliwafikia wote waliokuwa wakitengeneza kinga, wa bure na wa kuuza. Kisha likatoka tangazo moja, mara nyingi likitolewa na Gene Spafford wa Purdue University, likieleza kirusi ni kipi na kuorodhesha kinga zote zilizokuwa zimerekebishwa: Disinfectant ya bure pamoja na SAM na Virex za kununua. Sijasikia aliyekificha kirusi ili awe wa kwanza sokoni kwa siku tatu, ingawa siku tatu zingetosha kumpatia mtu wateja wengi.

Basi ndipo tukafika mwaka 1995, na kirusi kiitwacho Concept. Hiki hakikukaa ndani ya programu. Kilikaa ndani ya nyaraka za Microsoft Word, kwenye zile amri ndogo ziitwazo makro, na kwa kuwa Word ilikuwepo kwenye Mac na kwenye Windows, kilivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila shida. Vilifuata vingi vya namna hiyo. Disinfectant haikuwahi kukagua makro. Kuifundisha kufanya hivyo kulihitaji muda na nguvu ambazo mtu mmoja mwenye ajira yake asingezipata. Norstad alikuwa na njia tatu. Angeweza kuendelea kutoa matoleo madogo na kunyamaza. Angeweza kuandika onyo kwa herufi ndogo na kuliacha jina liendelee kung'aa. Alichagua kuifunga programu na kusema sababu, akiwaelekeza watu kwa wale waliokuwa na uwezo wa kuwalinda, ingawa wengi kati ya hao walitaka pesa.

Wapo watakaosema aliwaacha maskini bila kinga. Nimeipima hoja hii na naiona ina uzito, kwa sababu programu za kununua hazikuwa rahisi kwa kila mtu, na hata leo mashine nyingi huku kwetu zinatumia kinga iliyokwisha muda wake. Lakini kinga isiyoona hatari iliyopo mbele yako inakupa ujasiri usio na msingi. Unafungua waraka wa mwenzako kwa mkono mwepesi kwa sababu umeshaambiwa uko salama. Kila aliyewahi kupeleka flashi steshenari kuchapisha barua ya maombi ya kazi, akairudisha nyumbani na kukuta folda zake zimegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka, anajua kwamba kwenye ile kompyuta ya steshenari kuna alama ya antivairasi pembeni mwa skrini, imekaa hapo miaka. Kijana anayeihudumia haongopi akisema mashine ina kinga. Anaamini hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Mac za zama zile bado zipo. Wapo watu, Ulaya na Marekani hasa, wanaozitengeneza na kuziwasha, na wanapopata boksi la diski za zamani kwenye mnada au kwenye stoo ya shule iliyofungwa, nVIR na WDEF bado vimo, hai kama siku vilipoingia. Disinfectant bado inafanya kazi hapo. Kwa mashine ya mwaka 1988 yenye diski za mwaka 1988, hatari aliyoijua Norstad ndiyo karibu hatari yote iliyopo, na kinga yake inatosha tena.

Kuna swali hapo ambalo wahifadhi hawakubaliani, na mimi nina upande. Diski iliyoambukizwa ni kumbukumbu ya jinsi ilivyokuwa. Ukiisafisha, umeibadilisha, na huenda kirusi kile ndicho ushahidi pekee wa safari yake, kutoka bwenini kwenda maabara, kutoka maabara kwenda ofisi. Usipoisafisha, siku moja mtu ataichomeka bila kujua. Mwaka 2016 Internet Archive, kwa kushirikiana na mtafiti wa Kifini Mikko Hyppönen, ilifungua jumba la makumbusho la virusi vya DOS, ambamo mtu anaweza kuona michoro na ujumbe wa virusi vile baada ya sehemu zenye madhara kuondolewa. Naiona njia hiyo ni ya haki kwa maonyesho. Kwa diski yenyewe, ningefanya hivi: kwanza naifunga kwa kile kizibo kabla haijagusa mashine yoyote, nachukua nakala kamili ya kila kilichomo pamoja na kirusi, nakala hiyo naiweka mahali panapofunguliwa na anayejua anachofungua tu, na juu yake naandika kwa maneno wazi kirusi gani kimo na kilionekana lini. Kisha diski ile, ambayo huenda kesho ikaazimwa na mtoto anayetaka kucheza mchezo wa zamani, naisafisha.